Sisaini na Konokono Wanne

Jina la Sisaini hakupewa na wazazi wake. Alilipatia kazini, kwenye meza ya kupokelea mashuka, katika chumba cha dobi cha hospitali alikofanya kazi kwa miaka ishirini na miwili.

Utaratibu wa chumba kile ulikuwa rahisi. Mashuka machafu yaliletwa kutoka wodini yakiwa yamefungwa mafungu, kila fungu na karatasi yake. Mpokeaji alihesabu, akasaini, ndipo maji yakafunguliwa. Lakini mambo yaliyo rahisi huharibiwa na haraka, na kwa miaka mingi wapokeaji walikuwa wakisaini kwanza na kuhesabu baadaye, au wasihesabu kabisa. Asubuhi moja mtunza stoo alitua fungu mezani na kumsogezea kalamu.

"Saini hapo chini, mama, gari linangoja."

Yeye alihesabu. Akarudia. "Hamsini na mawili."

"Karatasi inasema sitini."

"Basi iambie karatasi ifue."

Mtunza stoo alimwita msimamizi. Msimamizi alimwita mkubwa wake. Kila aliyefika alisema saini, na kila aliyesema saini alijibiwa neno moja tu: "Sisaini." Kufikia saa sita mafungu yalikuwa yamejaa korido nzima, manesi wakiyaruka kama watoto wanaoruka kamba, na watu wa idara nyingine wakaja kumtazama huyo mwanamke asiyesaini. Mashuka manane yalionekana siku ya tatu. Yalikuwa yamening'inia katika ofisi ya msimamizi, yakiwa mapazia.

Tangu siku ile akaitwa Sisaini. Mwanzoni walimwita kwa kumcheka, baadaye kwa mazoea, na hatimaye hata mdogo wake wa tumbo moja akaliacha lile jina la nyumbani.

Anayesikia kisa hicho hudhani kwamba Sisaini ni mgomvi. Sivyo hata kidogo. Ni mwanamke mfupi, mwenye hatua za kukadiria na sauti ya chini, ambaye huomba radhi akimpisha paka mlangoni. Alichokuwa nacho ni kanuni, na kanuni yenyewe aliijenga mwenyewe pale kwenye mvuke na sabuni: hesabu kabla ya maji, hesabu baada ya maji. Kilichopungua kati ya hesabu mbili kimepotea majini, na maji, alipenda kusema, yana kingo zake. Huhitaji kutafuta dunia nzima.

Hospitali ilipokifunga chumba cha dobi, Sisaini alipata kazi katika nyumba ya daktari wa meno. Daktari huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mnyoofu, mwenye mikono safi daima, aliyeishi na baba yake. Baba alikuwa mpima ardhi mstaafu. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemdhoofisha miguu, na yeye aliyewahi kuvuka mabonde na mnyororo wa kupimia sasa alihesabu hatua kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha sebuleni. Nyumba nzima ilimwita Mzee.

Mbele ya kiti hicho ndipo lilipokuwa tangi. Binti alimnunulia baba yake ili macho yapate cha kufuata baada ya miguu kukataa. Lilikuwa tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, limejaa maji ya chumvi kama ya bahari, ambayo yalichanganywa humo humo nyumbani kwa chumvi maalumu ya pakiti. Ndani yake waliishi samaki saba, kamba wawili wekundu, kaa watatu wadogo wa kuishi ndani ya kombe la kuazima, na konokono wanne. Mzee aliwapa wote vyeo vya ofisi yake ya zamani. Samaki mkubwa wa bluu mwenye mkia wa njano alikuwa Mkurugenzi. Wawili wa mistari ya chungwa na nyeupe walikuwa Makarani, kwa sababu, alisema, hawaachani na hawafanyi kitu. Kaa walikuwa Walinzi. Konokono, ambao kutwa walitambaa juu ya kioo wakila uchafu, aliwaita Wafagizi.

Sisaini ndiye aliyelitunza. Kila asubuhi alijaza maji yaliyopungua. Alikuwa amefundishwa kwamba maji hupaa na chumvi hubaki, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji matupu yaliyochujwa, hadi kwenye alama ya utepe mweupe, si zaidi na si pungufu. Kwa kazi hiyo ilikuwepo ndoo ya bluu yenye msumari wake ukutani. Ndoo hiyo haikuwahi kuonja sabuni. Hata mgeni aliyetaka kunawa mikono angeelekezwa kwingine kwa upole ambao haukuwa na mlango wa kujadiliana.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Mzee hakulipenda katika tangi lake: mngurumo wa pampu ya hewa, kile kisanduku kidogo kinachovuta hewa na kuipeleka majini kwa mpira mwembamba, mapovu yakatoka. Ulimnyima usingizi wa mchana. Mwenye duka la samaki, aliyeliweka tangi hilo, alitoboa tundu ukutani, akapitisha mpira, na pampu ikahamia upande wa pili, kwenye rafu ya stoo isiyo na dirisha. Mapovu yakabaki, kelele ikaondoka. Kila mtu alimsifu.

Jumanne moja, saa moja na nusu asubuhi, Sisaini aliingia na ndoo yake na kumkuta Mkurugenzi ubavu juu.

Hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akavuta kiti, akahesabu. Samaki saba, wote wamekufa. Kamba wawili, wamekufa. Kaa watatu, wametoka nusu katika makombe yao, wamelegea. Jana jioni, kabla hajaondoka, aliwahesabu wakiwa hai wote. Akaangalia kipimajoto: kama kawaida. Mapovu: yanapanda. Maji: meupe kama kioo chenyewe. Kisha akaona kitu kinachosogea karibu na kona. Konokono mmoja. Akatafuta mpaka akawapata wanne, wakitambaa kazini kana kwamba ofisi haijafiwa.

Alipogeuka, Mzee alikuwa kitini kwake, fimbo magotini.

"Wametuacha," Mzee alisema.

"Si wote, Mzee. Wafagizi wako hai."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa akiangalia zulia.

Mwenye duka la samaki alikuja saa tatu na kisanduku cha vichupa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mifuko mingi. Alipima chumvi, akapima uchafu, akatikisa kichwa kwa kila kichupa. Vipimo havikuonyesha kitu cha kuua. Akainua ndoo ya bluu, akaingiza pua ndani kama anayenusa mchuzi.

"Sabuni," alitangaza.

"Ndoo hiyo haijaguswa na sabuni," alisema Sisaini.

"Mama, jana mlifua hapa?"

"Mapazia."

"Ndiyo hiyo!" Akamgeukia mwenye nyumba. "Daktari, mimi nimezika samaki wengi kuliko meno uliyong'oa. Ni sabuni. Mkono wenye sabuni, ndoo yenye sabuni, kwaheri."

"Na konokono?" Sisaini aliuliza. "Mbona wao wako hai?"

"Konokono ni wagumu, mama. Konokono na wakwe hawafi."

Alicheka peke yake. Kisha akatoa karatasi. Alikuwa ametoa dhamana kwa samaki wale, na ili asidaiwe wengine alihitaji maandishi kwamba kosa halikutoka dukani kwake. Daktari aliichukua karatasi ile akaisoma kwa makini, maana karatasi kwake zilikuwa na uzito. Katika kliniki yake kila kosa liliandikwa na aliyelitenda akasaini, na hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kosa alilolikiri. Huo ndio ulikuwa uadilifu wake, na aliuona kuwa wa huruma.

Mwenye duka alipoondoka, alimwita Sisaini jikoni na kuandika karatasi ya pili kwa mkono wake: kwamba mfanyakazi, kwa uzembe usiokusudiwa, alitia sabuni katika maji ya tangi.

"Kwangu kosa si dhambi," alisema. "Kuficha kosa ndiyo dhambi. Saini, tufunge ukurasa, uendelee na kazi yako. Sitakukata hata siku moja ya likizo."

"Na nisiposaini, Daktari?"

Daktari aliifunika kalamu kofia yake polepole. "Siwezi kuishi na mtu asiyekubali kosa lake. Nakupa mpaka Ijumaa mchana."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa. Akikubali asilolitenda, atabaki. Akikataa, atatoka, na mtu anayetoka hivyo hutanguliwa na habari zake kila nyumba atakayobisha hodi. Kamba hukatikia pabovu, na katika nyumba ile hapakuwa na pabovu zaidi ya yeye.

Jioni alimweleza mdogo wake, msusi wa nywele ambaye alikaa naye chumba kimoja. Mdogo wake alikuwa akiloweka miguu yake kwenye beseni la maji moto baada ya kutwa nzima ya kusimama.

"Saini, dada. Wino hauumi."

"Unauma polepole."

"Samaki wenyewe hata hawaliwi! Ungekuwa umeua ng'ombe ningekuelewa. Utaacha kazi nzuri kwa sababu ya samaki wa mapambo?"

"Siachi kwa sababu ya samaki."

"Kwa sababu ya nini, basi?"

Sisaini alifikiri. "Kwa sababu sikuhesabu vibaya."

Mdogo wake alitoa kidole gumba cha mguu majini, akakirudisha. "Siku ukifa," alisema, "watakuletea karatasi ya kaburi, nawe utakaa unawahesabia mbao za jeneza."

"Zikipungua, ndiyo."

Walicheka wote wawili, lakini Sisaini hakulala vizuri, kwa kuwa palikuwa na jambo ambalo hakumwambia mdogo wake. Yeye mwenyewe hakuwa na uhakika. Mapazia alifua kweli. Mikono yake ilikuwa na sabuni kweli. Mtu anayekataa kwa sababu tu amezoea kukataa hana tofauti na anayekubali kwa sababu amezoea kukubali, na hilo alilijua.

Basi Jumatano alianza kwa kujishtaki mwenyewe. Aliijaza ndoo ya bluu maji kidogo, akaitikisa kwa nguvu: hakuna povu. Akachukua bakuli la pili, akatia tone moja la sabuni, tone moja tu, akalitikisa: povu likasimama likang'ang'ania kingo. Akarudi kwenye tangi, akainama mpaka macho yakawa sawa na uso wa maji. Mapovu ya pampu yalikuwa yakifika juu na kupasuka pale pale, moja moja. Kama kungekuwa na sabuni, pampu ile ingeyafanya yale maji kuwa beseni la kufulia. Mwanamke aliyesimama mbele ya povu miaka ishirini na miwili hahitaji kichupa kulitambua.

Sabuni ikatoka kwenye orodha. Halafu alifikiria ugonjwa. Samaki mmoja alikuwa mgeni, ameletwa wiki mbili zilizopita. Lakini ugonjwa hupiga hodi. Mmoja hukataa chakula, mwingine hujikuna kwenye mawe. Hauingii siku moja ukaua samaki, kamba na kaa kwa pamoja, kisha ukawaruka konokono. Akafikiria chakula: kopo lilikuwa lile lile la mwezi mzima. Akafikiria maji ya kujazia: mengine ya chombo hicho hicho alikuwa amemwagia maua, na pia, kwa aibu kidogo, alikunywa glasi moja. Naye alikuwa mzima.

Kilichomsumbua ni Wafagizi. Kitu gani huua samaki, kikaua kamba, kikaua kaa, halafu kikamwacha konokono? Alitazama maiti wa kamba, ambao alikuwa amewahifadhi na wenzao kwenye sinia ndani ya friji, jambo ambalo Daktari alilikuta wakati akitafuta maziwa na akalipinga kwa sauti. Miguu mingi myembamba. Vipapasio viwili kichwani. Ukimtazama vizuri, Sisaini aliwaza, huyu ni mdudu aliyejifunza kuogelea.

Alilala na neno hilo: mdudu.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Mzee akiwa amesinzia kitini, Sisaini alisimama mbele ya tangi na kujiuliza swali la dobi. Kati ya hesabu ya Jumatatu jioni na hesabu ya Jumanne asubuhi, ni nini kiliingia majini? Si maji. Si chakula. Si mkono, kwa maana nyumba ilikuwa imelala. Mapovu yakapanda mbele ya uso wake, yakapasuka, na ndipo alipoona kwamba jibu lilikuwa likipanda machoni pake kutwa kucha. Hewa.

Aliushika mpira mwembamba kwa vidole viwili, akaufuata hadi ukutani, akaupoteza kwenye tundu, akazunguka akafungua mlango wa stoo na kuupata tena upande wa pili, hadi kwenye rafu. Pampu ilikuwa ikinguruma. Chini yake kulikuwa na kipande cha sponji ambacho hewa hupitia kabla ya kuvutwa ndani. Alikichomoa, akakinusa, akakiondoa puani haraka.

Harufu hiyo anaijua kila mtu aliyewahi kupambana na mende.

Pale sakafuni, karibu na ukuta, palikuwa na mstari wa sisimizi. Ulikuwa mnyoofu, na wote walikuwa wamekufa. Sisaini aliufuata mstari ule kama alivyoufuata mpira. Uliishia kwenye boksi la mapazia ya zamani. Ndani ya mapazia palikuwa na bati la biskuti za siagi, limepungua hadi safu ya mwisho, na nyuma ya boksi kopo la dawa ya kupulizia wadudu, jepesi kwa kutumika. Alivaa miwani, akaligeuza kopo. Nyuma, kwa herufi ambazo hakuna mwenye haraka angezisoma, paliandikwa: Ni sumu kali kwa samaki na viumbe wa majini.

Sasa alielewa. Mtu alipuliza dawa ndani ya chumba kisicho na dirisha na kufunga mlango, na pampu, ambayo kazi yake ni kuvuta hewa na haichagui, iliivuta ile dawa usiku kucha na kuipeleka majini. Dawa ya wadudu iliua vyote vyenye miguu ya mdudu, ikaua samaki, lakini konokono haikumweza. Wafagizi walikuwa wakimwambia tangu Jumanne.

Alizima pampu. Akakitupa kile kipande cha sponji, akakifuta kisanduku kwa kitambaa chenye maji, akakibeba mpaka sebuleni na kukiweka juu ya stuli kando ya tangi. Akakiwasha.

Mngurumo ulimwamsha Mzee. Alikitazama kisanduku kwa muda mrefu.

"Nani ameileta hiyo huku?"

"Mimi, Mzee. Stoo haina hewa nzuri."

Mabega ya Mzee yakashuka, na mpima ardhi akawa mzee wa kawaida, mdogo ndani ya sweta kubwa.

"Nilipuliza kidogo tu," alisema. "Sisimizi walikuwa wanakwenda kunisemea. Mstari mzima, mpaka koridoni! Nikasema, binti yangu akiuona mstari huu ataufuata. Anafuata kila kitu, yule."

"Kopo ni tupu, Mzee."

"Sisimizi walikuwa wengi." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Sikujua kuhusu pampu, mwanangu. Nakuapia. Niliposikia Wafagizi wako hai ndipo nilipoanza kujiuliza, na nilipojiuliza nikaogopa."

"Nakuamini."

"Unajua atakachofanya? Atafunga kabati zote. Atanipimia hata chai." Akausogeza uso wake karibu, na sauti ikawa ya kubembeleza. "Wewe saini tu. Hakufukuzi, ameahidi. Mimi nitajua moyoni kwamba hukukosa."

"Moyo wako haumo kwenye faili, Mzee."

"Mimi ni kama baba yako."

"Ndiyo, na nakuheshimu kama baba. Lakini jina langu si godoro, kila aliyechoka alilalie." Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya chini, huku akimfungia kifungo cha sweta kilichofunguka. "Sitakusemea. Utasema mwenyewe, kesho mchana, akirudi kula."

"Na nisiposema?"

"Mimi sitasaini. Nitakunja aproni yangu, nitatoka kwa mlango wa mbele. Na lile kopo nimeliweka kwenye rafu ya stoo, maandishi yakitazama mlango. Binti yako anajua kusoma."

Ijumaa, saa saba kamili, karatasi ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Daktari alikuwa amekaa wima. Mzee alikuwa kitini kwake, uso kwenye tangi. Pampu ilinguruma kwenye stuli.

"Umeamua?" Daktari aliuliza.

"Nimeamua tangu Jumanne. Sisaini."

"Hujui kinachokungoja nje."

"Nakijua. Nimewahi kukaa nje." Akamtazama machoni. "Nilitikisa ndoo, haina povu. Nilitazama maji, hayana povu. Konokono wanne wako hai. Aliyekuambia ni sabuni alikuwa anataka kuondoka na karatasi yake. Wewe ni daktari. Mtu akikujia shavu limevimba, unang'oa jino lolote lililo karibu?"

Masikio ya Daktari yakawa mekundu. Akamtazama baba yake, kama anayetaka msaada. Mzee hakugeuka.

Sisaini alingoja. Alingoja muda wa kutosha mtu kusema sentensi moja. Kisha akafungua aproni, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaiweka juu ya kiti na kuinyoosha mikunjo. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni kwa hatua zake za kukadiria.

Fimbo iligonga sakafu. Mara moja, mara mbili. Mzee alikuwa amesimama. Mkono mmoja ulikuwa na fimbo na mwingine ulitoka ndani ya sweta na bati la biskuti. Alivuka sebule yote bila kushika ukuta, jambo ambalo hakulifanya mwaka mzima, akalitua bati juu ya ile karatasi. Kalamu ikaruka, ikaanguka chini ya meza.

"Aliyewaua ni mimi," alisema. "Na zimebaki tatu. Zihesabu."

"Baba!"

"Usiniite Baba kwa sauti ya kliniki. Nenda stoo ukasome."

Daktari alikwenda stoo. Alikaa huko muda. Aliporudi, kopo lilikuwa mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta jino zima kwenye sinia. Alimpigia simu mwenye duka la samaki, ambaye alisikika hadi mlangoni akisema kwamba yeye tangu mwanzo aliona dalili za sumu. Daktari alikata simu kabla mwenye duka hajamaliza.

"Samahani," alimwambia Sisaini. Alilisema vizuri, amesimama. "Nimekukosea."

"Samahani nimeipokea. Karatasi je?"

Daktari aliinua karatasi ili aichane.

"Usiichane," alisema Sisaini. "Igeuze. Andika nyuma kilichotokea. Stoo, dawa, pampu, mpira, maji."

Daktari akaandika. Mzee aliongeza, bila kuulizwa, umbali kutoka kwenye boksi hadi kwenye pampu kwa sentimita.

"Andika pia kwamba mfanyakazi alishtakiwa kabla ya hesabu kufanywa," alisema Sisaini. "Kisha saini."

"Mimi?"

"Wewe, Daktari. Kosa si dhambi."

Mzee alicheka kwanza, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi. Daktari aliinama chini ya meza, akaokota kalamu, akasaini. Mzee akasaini chini yake, sahihi kubwa ya mpima ardhi yenye mkia mrefu. Kisha Daktari akamsogezea Sisaini karatasi na kalamu, kwa mikono miwili.

Sisaini aliisoma. Aliisoma mara ya pili, kidole kikipita chini ya kila mstari.

"Umeandika samaki wote," alisema. "Wote ni wangapi?"

"Saba."

"Na kamba?"

Daktari akaandika: kamba wawili, kaa watatu. Akainua macho. "Na konokono wanne wako hai. Nimeongeza. Sasa je?"

"Sasa ngojeni."

Akaichukua aproni kitini, akaifunga. Akaenda kwenye tangi na kuinama. Konokono wa kwanza alikuwa kwenye kioo cha mbele, wa pili na wa tatu kwenye jiwe. Wa nne hakuonekana. Baba na binti walisimama mezani, karatasi kati yao, wakingoja kama watu waliopanga foleni. Sisaini alizunguka upande wa pili, akatazama nyuma ya bomba, hakumpata. Akatazama chini ya kichujio, akampata akipanda taratibu, pembe zake nje.

Uso wa maji ulikuwa umeshuka chini ya utepe mweupe. Tangu asubuhi hakuwa amejaza. Aliitungua ndoo ya bluu msumarini, akaenda kuchota maji yaliyochujwa, akarudi na kuyamimina polepole kwenye kona, kidogo kidogo, mpaka yakafika kwenye alama, si zaidi na si pungufu. Akaikung'uta ndoo, akaifuta ndani, akaifuta nje, na kuitundika tena mahali pake, mdomo chini.

Kisha akakausha mikono, akarudi mezani penye kalamu.